Get au neno lingine? Wapi uiache, wapi uitoe

Kamusi ndogo nyingi ukifungua get unakuta "pata", basi, unafunga kamusi ukijua kazi imeisha. Alafu unakutana na I got tired, I got home, I don't get it, I got him to sign, unabaki unajiuliza hapo nani kapata nini. Upande mwingine kuna walimu wanaoipiga marufuku kabisa kwenye insha, eti ni neno la kivivu, andika receive, andika obtain, andika become. Ukifuata kamusi unapotea, ukifuata mwalimu wa marufuku nako unapotea, maana kuna sehemu get ndo neno lenyewe na ukiitoa sentensi inakakamaa, na kuna sehemu ukiiacha msomaji anahisi hukujipanga. Kwa hiyo hapa naiweka get sambamba na wapinzani wake uone wapi unamchagua nani.

Kabla ya ulinganisho wowote, zoea kuangalia kinachoifuata. Get yenyewe ni nyepesi sana, maana inatoka kwa jirani yake. Ikifuatwa na jina la kitu ni kupata au kuleta, get a ticket, get a chair. Ikifuatwa na kivumishi ni kuingia kwenye hali fulani, get tired ni kuchoka, get angry ni kukasirika. Ikifuatwa na mahali ni kufika. Ikifuatwa na mtu kisha kitu ni kupatia, I got my sister a job, nilimpatia dada yangu kazi, sisi tunaweka -ia kwenye kitenzi wao wanapanga tu majina mawili yafuatane. Ikifuatwa na mtu, alafu to, alafu kitenzi, ni kumfanya mtu afanye jambo. Na ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kama fired au paid, ni kutendwa. Ukishajua hivyo nusu ya utata umeisha, kwa sababu haukariri tena maana za get, unasoma sentensi.

Na usidhani ndo neno lenye maana nyingi kuliko yote. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lile la 1989, lilikuwa na maana kama 430 chini ya set, na wahariri waliofanyia kazi toleo la tatu wakakuta kitenzi run peke yake kina maana 645. Kwa hiyo get ni mmoja tu kwenye ukoo wa maneno mafupi yanayobebeshwa kila kitu.

Get, receive, obtain, acquire na ndugu zao

Hapa ndo watu wengi wanaanzia, na ndipo ile marufuku ya walimu ina mantiki kidogo. Get iliingia Kiingereza kutoka kwa Wavikingi, wale mabaharia wa Skandinavia, kwenye lugha yao, Kinorsi cha kale, ilikuwa geta, lugha ya watu wa kawaida wanaoishi jirani na kubadilishana vitu. Receive, obtain na acquire zimekuja kwa mlango mwingine, Kifaransa na Kilatini, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, kuiteka Uingereza 1066, na kwa muda mrefu hiyo ndo ilikuwa lugha ya mahakama, ya utawala, ya watu wa juu. Mpaka leo hizo tatu zimevaa suti na get imevaa kandambili. Tofauti hiyo unaisikia hata kama hukuwahi kusoma historia yoyote.

Ila suti nazo hazifanani. Receive ni kupokea, wewe umekaa kitu kimekujia. Obtain ni kupata kwa kuhangaika au kwa kufuata utaratibu, kibali, viza, matokeo ya maabara. Acquire ni kupata taratibu kikabaki kuwa chako, ujuzi, lugha, au kampuni kununua kampuni nyingine. Gain ni kuongezeka, uzoefu, uzito, kujiamini. Earn ni kustahili kwa jasho, mshahara au heshima. Sasa mtu anaambiwa get ni ya kihuni, anaandika I obtained your message. Aisee, mwenyewe akisoma anaweza kujiuliza hiyo meseji uliipata wapi na kwa njia gani, kama vile uliitafuta kwenye simu ya mtu. Hapo ilitakiwa received kama ni barua rasmi, au got tu kama mnajuana. I got your message haina kosa lolote hata kwa bosi, ofisi nyingi wanaandikiana hivyo kila siku.

Uamuzi wangu kwenye kundi hili ni mwepesi. Meseji na maongezi, get. Imeili ya kazini, get au receive, zote zinapita. CV, barua ya maombi, ripoti, insha ya mtihani, itoe get kabisa uweke neno linaloeleza ulipataje, maana hapo neno sahihi linakutetea: earned a degree inaonyesha umeisotea, gained experience inaonyesha imejengeka, obtained a licence inaonyesha umefuata taratibu, wakati got a degree, got experience, got a licence zote zinasema tu kipo. Yaani shida ya get kwenye CV ni ubahili wa taarifa kuliko kukosa adabu.

Kuna na fetch, ambayo wengi wanaisahau. Get the file inaweza kuwa chukua faili hapo ulipo, fetch the file ni nenda kalifuate urudi nalo. Ila siku hizi fetch imepoa kwenye maongezi ya watu wazima, utaikuta zaidi kwa kompyuta, programu ikienda kufuata data kwenye seva, na kwenye kumtupia mbwa fimbo.

Get na become: hapa kosa moja linakugharimu

Sema unataka kumwambia mtu nataka kuwa daktari. Ukisema I want to get a doctor umesema nataka kuleta daktari, mtu atakuuliza nani anaumwa. Sahihi ni become a doctor. Sheria yake ni fupi: mbele ya jina la mtu au cheo tumia become, mbele ya kivumishi zote mbili zinawezekana. She became a judge, lakini she got angry au she became angry.

Basi kwenye kivumishi unachaguaje? Kwa maongezi get inashinda karibu kila mara. It's getting late, it's getting dark, I'm getting old, hizi ukizibadilisha kuwa it is becoming late hakuna atakayekukosoa ila unasikika kama tangazo. Become inafaa kwa mabadiliko mazito yanayochukua muda au yanayohusu mambo ya kufikirika: it became clear, it became necessary, the situation became serious. Hapo it got necessary inasikika vibaya sana, na it became apparent huwezi kuigeuza kuwa got kabisa.

Alafu kuna mafungu ambayo ni ya get peke yake, become haina nafasi: get dressed, get ready, get lost, get married, get started. Mtu anayeandika they became married kwa kukwepa get amejitoa kwenye mtego mmoja akaingia mwingine. Na hiyo married inafuatwa na to, sio with. Sisi tunasema kuoana na, kuolewa na, ile "na" inatusukuma moja kwa moja kwenye with, lakini ni she got married to him.

Wapo na washindani wadogo, go, turn na grow. Go inapenda mabadiliko mabaya, go blind, go deaf, go bald, go mad. Turn inapenda rangi na umri, his face turned red, she turned forty. Grow ni ya pole pole na ina harufu ya vitabu, grow old, grow tired of. Sio lazima uzitumie lakini ukiziona usishangae, na usiseme get blind, watu wataelewa ila sio Kiingereza chao.

Na kwa kuwa tuko hapo hapo, get used to. Watu wanaichanganya na used to mpaka basi. I'm used to the noise, nimezoea kelele. I'm getting used to the noise, ndo naanza kuzoea. I used to live there, nilikuwa naishi pale zamani, siishi tena, na hapo hakuna kuzoea kokote. Mbili za kwanza zikifuatwa na kitenzi kinavaa -ing, I'm getting used to waking up early, ya tatu kitenzi kinakaa uchi, I used to wake up early.

Get na be kwenye kutendwa

I was fired, I got fired. Zote nimefukuzwa kazi. Tofauti ni kwamba was inaweza kueleza tukio au hali, got ni tukio tu, kitu kimetokea. Hii inaonekana vizuri kwenye the door was locked, ambayo ina maana mbili kwa mpigo, mlango ulikuwa umefungwa nilipofika, au mlango ulifungwa na mtu muda ule. Kiswahili kinazitenganisha kwa nyakati, ulikuwa umefungwa na ulifungwa, Kiingereza kinakuacha ukisie. Ukisema the door got locked utata umekwisha, ni tukio. Vivyo hivyo they were married inaweza kuwa walikuwa mke na mume, they got married ni siku ya ndoa yenyewe.

Pia got ina hisia fulani, kama kitu kimekukuta, au umejitakia. He got arrested ukimsikia mtu anasema unahisi kuna umbea ndani yake, he was arrested ni ya gazeti. Kwa hiyo kwenye ripoti, taarifa ya tukio, barua ya malalamiko, tumia was. Na kuna vitenzi havikubali got hata kwenye maongezi, hasa vile ambavyo havileti badiliko lolote kwa anayetendwa, kama kujua, kupenda au kuona. English got spoken there, hapana. It got known to me, hapana.

Get, make, have, let: nilimsainisha ipi?

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo Kiswahili kinatuficha. Sisi tuna -isha na -esha, tunasema nilimsainisha, nilimlipisha, nilimwandikisha, na kitenzi hicho kimoja hakisemi kama ulimlazimisha, ulimbembeleza, ulimwagiza au ulimwachia tu. Aliyekuwepo anajua, asiyekuwepo anakisia. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na ukichagua vibaya unaweza ukajikuta umejishtaki mwenyewe.

I made him sign. Nilimlazimisha. Hakutaka, nikambana. Ukiandika hivi kwenye barua kuhusu mkataba umejiweka pabaya kweli kweli, mwanasheria wa upande wa pili atakushukuru.

I got him to sign. Kulikuwa na ugumu, nikazungumza naye, nikamshawishi, mwishoe akasaini. Ndani yake kuna juhudi na kuna kufanikiwa. Hii ndo unayotaka mara nyingi unaposimulia jambo uliloligombania.

I had him sign. Nilimwagiza, na ni kazi yake au mimi nina mamlaka. Hakuna mvutano. Daktari anasema I had the patient lie down, msimamizi anasema I'll have someone call you. Ukimwambia rafiki yako I had my friend carry my bag utasikika kama unamiliki watu.

I let him sign. Alitaka mwenyewe, sikumzuia.

Angalia na umbo: make, have na let zinafuatwa na kitenzi kikavu, get peke yake inadai to. I made him to sign ni kosa ambalo tunalifanya sana, I got him sign nalo ni kosa. Kama huna uhakika ulimfanyaje, get ndo salama zaidi kuliko make, kwa sababu haimtuhumu mtu.

Sasa kuna upande wa pili wa hii hii, pale ambapo kinachofuata ni kitu sio mtu. I repaired my phone maana yake ulifungua simu mwenyewe na bisibisi. Kama ulimpelekea fundi ni I got my phone repaired, au I had my phone repaired. Kwa Kiswahili mtu anasema nimetengeneza simu, nimenyoa, nimejenga nyumba, na hakuna anayedhani alishika mashine au mwiko yeye mwenyewe. Kwa Kiingereza I built a house inaweza kukuletea maswali ya kiufundi ambayo huna majibu yake. Wenyewe nao huwa wanalegeza, utawasikia wakisema I cut my hair wakati wametoka kwa kinyozi, ila kwenye maandishi got my hair cut haina ubishi. Kati ya got na had hapo, got ni ya maongezi na inaonyesha kama ulihangaika kidogo, had ni tulivu na inafaa kuandikwa. Lakini kwa balaa lililokupata, wizi kwa mfano, chagua had: I had my phone stolen. Got my phone stolen utaisikia mitaani, ila kuna watakaohisi ni kama ulizembea.

Kupata ambako sio get

Huu ndo upande ambao vitabu vya wageni havitufundishi kwa sababu waliovitunga hawafikirii kwa Kiswahili. Kupata kwetu ni neno pana kama get lilivyo kwao, ila hayakupanuka kuelekea upande mmoja. Kuna sehemu yanakutana na kuna sehemu kila mmoja yuko kwake.

Kupata ajali: sio get an accident, ni have an accident. Hili kosa liko kila mahali. Kupata mtoto: ni have a baby, ukisema get a baby inasikika kama umeenda kumchukua mahali. Lakini kupata mimba ni get pregnant, hapo tumekutana. Kupata shida kufanya jambo ni have trouble doing something, wakati get into trouble ni kujiingiza matatani, vitu viwili tofauti kabisa. Kupata mafua ni catch a cold au get a cold, chagua yoyote. Kupata nafuu, get better. Kupata nafasi, get a chance. Kupata hasara ni make a loss, na kupata faida ni make a profit, hata siku moja usiseme get profit kwenye taarifa ya mahesabu.

Alafu kuna ile kupata tunayoiweka mbele ya kitenzi. Umepata kumwona? Kama unauliza juu ya maisha yake yote, ni have you ever seen him, get haipo hapo. Kama unauliza juu ya leo, kwamba je alifanikiwa kumwona au alizuiwa mlangoni, ni did you get to see him, na get imekaa pale pale ilipo kupata yetu. Yaani neno kwa neno. Ndo maana ukariri wa get sawa na pata unadanganya vizuri, unafanya kazi mara kadhaa mpaka unauamini.

Got to

Herufi zile zile, maana zinagongana. I've got to see her, lazima nimwone. I got to see her, nilipata nafasi nikamwona. I got to her house, nilifika kwake. I got to know her, nikaja kumfahamu. Kinachokuokoa kwenye mbili za kwanza ni ile 've ndogo, ambayo kwa bahati mbaya wasemaji wengi wanaimeza mpaka haisikiki, inabaki I gotta see her, na hapo muktadha ndo mwamuzi.

Linganisha na have to: I have to work on Sunday, sina hiari. I get to work on Sunday, napewa nafasi ya kufanya kazi Jumapili na nimefurahi. Mtu akikuambia you get to meet the director anakupa zawadi, akikuambia you have to meet the director jiandae. Kwenye maandishi yoyote yenye uzito acha got to, tumia must au have to kwa lazima, na had the opportunity to kwa nafasi. Ni ndefu lakini haina utata, na kwenye barua ya maombi I had the opportunity to work with ni bora mara nyingi kuliko I got to work with.

Ile have got ya kumiliki, I've got two brothers, ni sawa na I have two brothers, ya kwanza ya maongezi ya pili ya popote. Usichanganye tu ukapata do you have got. Ni do you have au have you got. Na wakati uliopita ukisimulia kumiliki sema I had, got iache nyumbani.

Kufika

I got to the airport, I arrived at the airport, I reached the airport. Zote nimefika uwanja wa ndege. Get inataka to, ila home, here na there zinaikataa, ni get home na get there. Arrive inataka at kwa jengo au kituo, in kwa jiji au nchi, na kamwe haitaki to, ingawa "kufika kwa" inatuvuta huko. Reach haitaki kihusishi chochote, ila inadai mahali patajwe, kwa hiyo ile meseji yetu maarufu I have reached inawaacha wenyewe wakisubiri umalizie, umefika wapi. Wao wangeandika I'm here au I've arrived. Ratiba na matangazo ni arrive, simulizi ni get, na reach ibakize kwa pale ambapo kufika kulikuwa na shughuli, they finally reached the top.

Na kupanda na kushuka: get on na get off kwa basi, treni, ndege, meli, pikipiki, get in na get out kwa gari dogo na teksi. Kama unaweza kusimama ukatembea ndani, au unakaa juu yake, ni on. Board na alight ni za matangazo, ukimwambia rafiki I will alight here anaelewa lakini unasikika kama kipaza sauti cha stesheni. Climb the car, hapana, hiyo ni kukwea juu ya bodi lake.

Kuelewa, na pale get inapokwaza

I don't get it na I don't understand. Ya kwanza unaweza kuitumia kwa utani usioeleweka, kwa rafiki, kwa mwenzako wa kazi. Kwa mwalimu, mteja, au mtu anayekueleza jambo la uchungu tumia understand, kwa sababu I don't get it ina kaharufu ka kusema ulichosema hakina maana. Got it kujibu maagizo ni sawa kabisa na ni ya kirafiki, understood ikikaa peke yake inasomeka kama ya jeshini, noted ikikaa peke yake inaweza kusomeka kavu. Got it, thanks inatosha.

Kwenye amri ndo uwe makini. Get me the report ni amri ya mtu mwenye haraka au mwenye dharau, weka could you mbele uone inavyolainika. Get lost, kwa wakati uliopita got lost ni nilipotea njia, hakuna neno, lakini kama amri ni potelea mbali. I'll get you kwa sauti ya hasira ni nitakukomesha, ila I'll get it simu ikilia ni ngoja nipokee mimi, na I'll get this bili ikija ni mwacheni, nalipa mimi, kwa hiyo usimshike mkono.

Zile zenye vijineno nyuma zake sitazimaliza. Get up na wake up tu nitataja, kwa sababu sisi zote ni kuamka: wake up ni macho kufunguka, get up ni kutoka kitandani, na kati ya hizo mbili mtu anaweza kukaa saa nzima na simu. Get over ina recover from kwa ugonjwa na overcome kwa tatizo, kwenye maandishi chagua hizo. Get rid of ina remove au dispose of. Get away with haina mbadala wa neno moja, he got away with it, alifanya na hakuna aliyemgusa, iache hivyo hivyo hata kwenye insha.

Mwisho kuna gotten. Wamarekani wana got na gotten na wanazitenganisha: I've got a car, ninalo gari, I've gotten a car, nimepata gari. Waingereza wengi wanatumia got kwa zote mbili na baadhi yao wanaikunjia uso gotten kama uharibifu wa Kimarekani, wakati ilikuwepo Uingereza zamani ikaja ikafifia huko, na mpaka leo wao wenyewe wanaandika forgotten na ill-gotten bila kukunja uso. Chagua upande mmoja kulingana na anayesoma. Kama ni mtihani au kazi ya Kiingereza cha Uingereza andika have got, kama mteja wako yuko Marekani andika have gotten better, have gotten used to, ila kumiliki na lazima zinabaki got kwa wote, hakuna Mmarekani anayesema I've gotten to go akimaanisha lazima niondoke.